Tovuti Itafikia kwa Nani?

Nisidanganye: Bertila namwonea wivu. Tulijifunza kutengeneza tovuti pamoja, chumba kimoja pale Ng'ambo, Tabora mjini, na mwepesi nilikuwa mimi. Yeye alikuwa mtu wa maswali tu. Ukiweka picha kubwa, anauliza mwenye simu ndogo ataifunguaje. Leo vibanda vyetu vinatazamana, na wateja wanavuka barabara kwenda kwake. Roho inaniuma.

Kwa hiyo wafuga nyuki wa Ulyankulu walipotuita sote wawili, wachague mmoja wa kuwatengenezea tovuti ya asali yao, niliapa kuwa hii hanipokonyi.

Mwenyekiti wao, Mama Spesioza, alianza na swali ambalo huku kwetu mgeni huulizwa tangu enzi za misafara, ajulikane mwenyeji wake.

"Hiyo tovuti itafikia kwa nani?"

Nikacheka. "Mama, tovuti haifikii kwa mtu. Iko hewani tu. Na kwangu itakaa bure."

Bertila hakucheka. Alieleza kuwa tovuti hukaa ndani ya kompyuta ya mtu, ambayo haizimwi usiku wala mchana, na inakula umeme.

"Nyie mmeacha kuchuna miti magome ya mizinga ili msitu usife," alisema. "Haipendezi asali yenu itangazwe kwa umeme wa makaa ya mawe. Ninakotaka kuiweka wanatumia upepo na jua. Jua likizama wanajazia umeme wa kawaida, sitawaficha. Ila habari za wateja wenu hawaziuzi."

Mjanja huyo! Anakiri kasoro ili aaminiwe. Nikatoa simu kuwaonyesha tovuti ya mfano niliyokwisha kuiweka bure, yenye picha ya Mama Spesioza ameshika sega la asali. Ikazunguka, ikazunguka. Ilipofunguka, tangazo la kamari la hao wanaoihifadhi bure liliruka likamfunika uso.

"Mwanangu," akasema taratibu, "kumbe umenifikisha kwa wacheza kamari."

Kazi akapewa Bertila. Nilimpongeza kwa mdomo. Moyoni nilimwombea umeme ukatike.

Nilipofika stendi, basi la mwisho la Tabora lilikuwa limeshaondoka, nami sina ndugu Ulyankulu. Bertila ni mzaliwa wa hapo. Alinifuata, akachukua mkoba wangu bila kuuliza.

"Asnath, twende kwa mama."

Mama yake, Vestina, alinichemshia maji ya kuoga, akanipa ugali na mlenda wa karanga. Nikalazwa kwenye kitanda cha Bertila, yeye akatandika mkeka chini. Hata ukarimu wake niliuonea wivu.

Asubuhi nikielekea stendi, nikakutana na Mama Spesioza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ulilala huku? Umefikia kwa nani?"

Nilitamani kutaja jina lolote jingine.

"Kwa akina Bertila."

"Basi umefikia pazuri," akasema.

Ilikuwa kweli, na ndicho kilichoniuma mpaka Tabora.