Koti Langu la Theluji

Siku hizi chai ya ofisini nainywa nimeutazama ukuta. Msinionee huruma, ujinga niliufanya mwenyewe na akili zangu timamu.

Wenzangu watano wa kazini hapa London walipanga kwenda milimani kuteleza kwenye theluji. Mwezi mzima walizungumza mbele yangu, mpaka picha za nyumba waliyokodi wakanionyesha. Mmoja wao, Emma, akasema, "Hamisi, siku moja lazima twende wote!" Kwetu Tanga, hata anayekula ugali kwa chumvi akikuona anakukaribisha. Nani atapanga safari mbele yako kama hakutaki?

Nikauliza ndege gani, wakanitajia. Nikakata tiketi yangu kimya kimya.

Mke wangu akaniuliza, "Baba Salma, wamekualika kweli?"

"Wewe huwajui Wazungu," nikamjibu. Mimi ndiye niliyewajua!

Siku ya safari nikatoka nyumbani kwangu Barking nimeshavaa kila kitu: koti jekundu la theluji, suruali yake, miwani mikubwa kichwani. Watoto kwenye treni wakanicheka, nami nikawapungia mkono kama bingwa.

Kwenye uwanja wa ndege nikawaona, nikapaza sauti, "Jamani, nimefika!"

Wakatazamana. Emma akanipa lile tabasamu lake la kazini. "Hamisi! Na wewe unasafiri? Unakwenda wapi?"

Nikasema sisafiri, nimekuja kumpokea shangazi yangu anayetoka Tanga.

Emma akanikagua kuanzia miwani mpaka viatu, kisha akasema taratibu, "Lakini huku ni upande wa wanaoondoka, Hamisi."