Kitambi Kilichokuwa Sifa Yangu

Kwa miaka kumi na miwili kitambi cha mume wangu kilikuwa cheti changu cha ndoa. Kile cha karatasi kilikaa sandukuni. Hiki kilitembea Bariadi nzima. Mawifi walikitazama wakanisifu. Chai vijiko vitano vya sukari, wali uliozama kwenye samli ya mama mkwe kutoka Nkoma, soda ya kushushia. Nani aseme sijui kutunza mume?

Siku moja akakanyaga kaa la moto jikoni, akaendelea kusimulia bei ya pamba. Harufu niliisikia mimi. Tukaenda hospitali kwa ajili ya mguu, daktari akapima damu, kisha tumbo.

"Ini lako lina mafuta," akasema.

"Sijawahi kuonja pombe," mume wangu akajibu, kifua mbele, mzee wa kanisa.

"Sijakuuliza pombe, mzee wangu. Sukari iko juu, presha iko juu, na hayo yanatembea pamoja na hilo ini. Wengi wa namna yako huangushwa na moyo kabla ini halijalalamika. Mguu ndio huo, umeshakufa ganzi. Punguza uzito."

Niliogopa. Hongera yangu, mtunza mume.

Tukahamia mlenda, ugali wa kipande, na baiskeli mpaka Dutwa kila asubuhi. Miezi ikapita, suruali zikaanza kumvuka. Bariadi haina uhaba wa madaktari: wengine walisema ana ule ugonjwa, wengine amelogwa, wengine namnyima chakula. Jirani mmoja alinipa pole ya msiba huku marehemu akipita na baiskeli.

Kisha mama mkwe akafika na dumu la samli. Nikapiga goti. "Mwangaluka, mayu."

Salamu hakuitikia. "Nilikupa mwanangu amenona. Umemfanya nini?"

Nikamweleza sukari, presha, moyo. Akanisikiliza kama anayemsikiliza mwizi wa ng'ombe akijitetea.

"Ini la asiyekunywa haliugui. Sema umechoka kumpikia."

"Kijiko kimoja tu," mume wangu akanong'ona, mkono ukilifuata dumu, "mama asisikitike."

Nikamkanyaga mguu ule ule wa ganzi, kwa kisigino.

"Yowe!" akaruka.

"Imeuma?"

"Imeuma sana, mwanamke wewe!"

Nikaangua kilio cha furaha, nikamkumbatia.

"Kumbe na kumpiga anampiga," mama mkwe akasema, akaondoka kwenda kuitangazia Nkoma. Nilimsindikiza mpaka stendi, nimembebea dumu lake.