Mtetemo Ulikuwa wa Nani

Kwa miaka ishirini na sita fundi waliyemwita Mizani alikuwa akinyoosha magurudumu ya magari ya watu, na hakuna aliyewahi kumwona ana haraka. Alikuwa akishika usukani, akizunguka mitaa miwili, anarudi na kukwambia kwamba tairi la mbele kushoto linalika upande wa ndani, kwamba boljointi, kiungo cha gurudumu, imeanza kulegea, na kwamba mkeo huvuka matuta kwa hasira. Mashine ya kompyuta aliiwasha baadaye, ili mteja aone tarakimu na roho yake itulie. Tarakimu hazikuwahi kumbishia.

Wiki hiyo, hata hivyo, alikuwa hakaliki. Alianza kazi tatu akaacha tatu. Alifunga nati akarudi kuikagua, akaenda akarudi tena, kama mtu aliyeacha jiko linawaka nyumbani.

Chanzo kilikuwa gari la daktari wa meno. Lilikuwa gari la spoti la viti viwili, jekundu, la paa la turubai linalokunjwa likalala nyuma ya viti kama shuka. Daktari mwenyewe, mama wa makamo asiyependa kusubiri, alisema linajivuta kidogo kwenye kona. Mizani akalipeleka kwenye njia yake ya majaribio nyuma ya kiwanda cha matofali, barabara ya mabamba ya zege ambayo kila ungio lake hulipiga gari kofi la tumboni. Usukani ukamtetemekea mkononi. Akarudi, akakagua springi, shokapu, rimu na kila kinachokazwa. Vyote vizima. Akalipeleka tena. Ukatetemeka tena.

Fundi mwingine angesema magari ya paa wazi ndivyo yalivyo, akaenda zake kula. Na ni kweli ndivyo yalivyo. Chukua sanduku la viatu lililofungwa kifuniko kwa gundi, jaribu kulisokota: linakataa. Toa kifuniko, lisokote tena: linakunyenyekea. Watengenezaji wa magari huongeza vyuma chini ya milango ili gari lipate ukaidi, lakini vyuma ni uzito, na paa ni paa. Ndiyo maana gari la paa wazi ukiliinua kwa jeki gurudumu moja, mlango huanza kugoma kufunga. Mizani alikuwa ameyaeleza hayo kwa wateja mara zisizo na idadi.

Kilichomnyima raha ni kwamba Jumatano asubuhi, si kwa mara ya kwanza, mkono wake wa kushoto ulitetemeka ukiwa umeshika kifungo cha shati. Na shati halina springi.

Baba yake alikuwa mwandika vibao vya maduka. Siku moja mistari yake ilianza kuwa na mawimbi, watu wakadhani ni mtindo mpya. Wawili watatu walimsifu, na mwenye bucha akaomba mawimbi zaidi. Mwaka uliofuata mzee hakuweza kushika brashi, na aliyemsifu hakuonekana.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja: mtetemo ule wa usukani ulikuwa wa gari au wake? Ikiwa ni wa gari, yeye bado ni Mizani. Ikiwa mkono wake umeshaingia kazini na kuanza kumdanganya, basi kila gari alilolipitisha mwezi ule lilipita kwa bahati. Njia rahisi ya kujua ilikuwepo: amwombe mtu mwingine aendeshe, amuulize anasikia nini. Lakini kuuliza ni kukiri, na Mizani alikuwa hodari wa kugundua ubovu wa vitu vya watu tu.

Nyumbani alizunguka meza mpaka mkewe, mshonaji wa mapazia, akaweka chini sindano.

"Baba watoto, nyumba ina vyumba vitatu na umeshavikagua vyote. Unatafuta nini?"

"Nawaza gari."

"Gari gani hilo lisilokuacha ulale? Lina jina? Linapika?"

"Gari la daktari wa meno."

"Ahaa. Kumbe lina mwenyewe."

"Mama watoto, yule mama ana miaka sitini na moja!"

"Sikukuuliza umri. Umeupata wapi?"

Akacheka, naye Mizani akacheka, akaweka mkono wa kushoto mfukoni. Mkewe aliutazama mfuko ule muda mrefu kidogo kuliko mfuko unavyostahili.

Ijumaa daktari alikuja gerejini na mdogo wake wa kiume, mpima ardhi, mtu wa kofia pana na maneno mengi. Alikuwa na gari aina ile ile, mwaka ule ule, injini ile ile, ila lake la kijivu lilikuwa na paa la chuma. Ndugu hawa walikuwa wakigombana tangu siku waliyoyanunua.

"Fundi, mwambie dada yangu kwamba amenunua beseni lenye magurudumu."

"Wewe umenunua jeneza," dada akajibu. "Zuri, ila jeneza."

"Jeneza langu likiambiwa pinda, linapinda. Beseni lako linaomba muda wa kufikiri."

"Angalau mimi naona mawingu. Fundi, yupi ana haki?"

Mizani alisikia sauti yake ikisema, "Yaleteni yote mawili kesho asubuhi. Nitayaendesha njia moja, mwendo mmoja, upepo mmoja wa matairi." Ndugu wakafurahi, wakidhani wamepata hakimu. Hawakujua kwamba hakimu ndiye aliyekuwa na kesi.

Jumamosi daktari alisisitiza kukaa kando ya dereva safari zote mbili, asije akapunjwa. Wakaanza na jekundu, paa limekunjwa. Kwenye mabamba ya zege upepo ukavuma masikioni, kioo cha kutazamia nyuma kikatikisika hadi kiwanda kikaonekana kama viwili, na dashibodi ikanung'unika. Usukani ukatetemeka. Kwenye kona ya tangi la maji Mizani akapinda: pua ikaitika, kisha baada ya kitambo kidogo sana mkia nao ukapata habari. Si hatari. Ni kama kuongea na mtu kupitia mkalimani.

"Raha, siyo?" daktari akapiga kelele.

"Raha!" Mizani akapiga kelele, akibana usukani kama anayezama.

Wakarudi, wakaingia la kijivu. Milango ikafungwa kwa mlio mzito, na dunia ikabaki nje. Kwenye mabamba yale yale gari lilipokea makofi yote likatulia, kioo kikatulia, kiwanda kikawa kimoja. Kwenye kona ya tangi lilipinda zima kwa pamoja, pua na mkia neno moja. Usukani ulikuwa kimya kama jiwe. Moyo wa Mizani ukapaa. Lilikuwa gari! Lilikuwa gari muda wote!

Ndipo akasikia mlio mdogo. Ti-ti-ti-ti. Akapunguza mwendo, haukupungua. Akafika kwenye lami laini. Ukabaki vile vile. Fundi wa miaka ishirini na sita hawezi kusikia mlio akauacha. Akatega sikio kushoto, akatega kulia, akautafuta kwenye dashibodi na mlangoni, mpaka akatazama chini na kuona pete yake ya ndoa ikigonga ukingo wa usukani.

Kwenye gari la wazi upepo na mitetemo vilikuwa vimemfichia siri. Hili halikuwa na pa kuificha.

Daktari naye alikuwa akitazama pete. Kazi yake ilikuwa mikono, ingawa watu walidhani ni meno.

"Tangu lini, fundi?"

"Wiki tatu. Labda nne."

"Ukiwa umepumzika, au ukishika kitu?"

"Ukipumzika zaidi. Ndiyo maana sipumziki."

Mama yule hakucheka wala hakumpa pole. "Mimi ni wa meno, sitakudanganya. Inaweza kuwa jambo dogo, inaweza kuwa kubwa. Yupo mwenzangu hospitalini anayejua. Jumatatu utakwenda, na hutakwenda peke yako. Nyumbani wanajua?"

"Bado."

"Basi rudisha gari la mdogo wangu kabla hujalitia mtaroni, upige simu."

Gerejini mpima ardhi alikuwa akiwasubiri mikono kiunoni. Mizani akatoa hukumu kwa ufupi: la paa la chuma linashika barabara vizuri zaidi, linapinda upesi, linasema kweli. La wazi halina ubovu wowote. Lina ulegevu wa kuzaliwa, na mwenye kupenda mawingu ataulipia kwenye kona. Mpima ardhi alirusha kofia juu. Daktari, kwa mara ya kwanza katika ugomvi ule, aliiokota kofia akamrudishia, na mdogo wake akaanza kuwa na wasiwasi kwamba ameshinda vibaya.

Mizani alikwenda nyuma, kwenye rundo la matairi, akapiga simu.

"Mama watoto, mkono unatetemeka."

Upande wa pili cherehani ikasimama.

"Upi?"

"Wa kushoto."

"Nakuja."

"Si lazima uje sasa hivi, nitarudi jio—"

"Nimesema nakuja. Na usiendeshe gari la mtu."

Akakaa juu ya tairi, akasimama, akakaa tena. Mkono aliuweka gotini, nje ya mfuko, akauacha ufanye unavyotaka. Wateja wawili walipita wakauona. Mmoja aliuliza kama gari lake litakuwa tayari leo. Mizani akamwambia hapana, halitakuwa tayari, alipeleke kwa mwingine. Na yule mtu akasimama pale akimkodolea macho, kwa maana neno hilo hakuwahi kulisikia gerejini pale.