Wa Kumsemea Bi Khole

Bi Khole aliishi Maskati miaka ishirini na sita bila ya kujifunza Kiarabu cha maana, na wala hakuona haya. Alitoka Unguja mtu mzima, akahamia Khuwair ya Kusini, mtaa ambao jirani wa kulia na wa kushoto na hata mwenye duka walikuwa Waswahili wenzake. Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, khalas. Mengine yote alimwachia Nasriya, mtoto wake wa pekee, aliyesoma akaajiriwa wizarani. Nasriya ndiye aliyesema na watu wa umeme, na watu wa pasi za kusafiria, na baadaye na madaktari.

Mumewe, Saeed, alifia hospitali mwaka 1996, mpira wa kupumulia kooni na mikono imefungwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda asije akaung'oa. Bi Khole aliitazama mikono ile ikivutavuta, akaapa yake haitafungwa. Saratani ya tumbo ilipomjia yeye, mwaka 2003, jambo la kwanza alilofanya ni kumkalisha Nasriya jikoni na kumwambia anachotaka. Dawa zikishindwa, asipasuliwe, asitiwe mashine, arudishwe nyumbani afie kitandani mwake. Na kama mwenyewe hawezi kusema, Nasriya amsemee. Nasriya alilia kidogo, kisha akamshika mkono akasema, "Nakuahidi, mama."

Basi Bi Khole akatulia. Alipolazwa hospitali, kila daktari alipopita, yeye alieleza anachotaka kwa urefu na mapana, Nasriya akakigeuza Kiarabu kwa maneno mawili matatu, na daktari akaitikia kwa kichwa. Maskini ya Mungu, hata alijivuna. Aliwaambia shoga zake waliokuja kumtazama kuwa binti yake ana Kiarabu cha kisomi, kinasema mengi kwa neno moja.

Asubuhi moja Nasriya akiwa kazini, akaja daktari mgeni, Khalil, kijana wa Kiomani aliyekulia Tabora. Akavuta kiti, akamwamkia shikamoo, na Bi Khole akafurahi kweli. Kisha kijana akamuuliza kama ana swali lolote juu ya operesheni ya Jumamosi.

"Operesheni gani, mwanangu?"

Khalil akasita. Ikabidi aeleze, polepole, kuwa saratani imeshafika kwenye ini. Operesheni haitaiondoa, pengine itamwongezea wiki chache tu, na huenda baada yake akatiwa mashine ya kupumulia. Alidhani bibi anajua. "Wenzangu wanasema umekubali kila kitu, bibi. Kila wakikuuliza, binti yako anawajibu kuwa mama yuko tayari kwa lolote."

Bi Khole aliwaza siku zote zile, yeye akijieleza hadi pumzi zinamwisha, na Nasriya akifasiri kwa upole na uso mkavu. Alikuwa amefanywa mjinga mbele ya watu, na aliyemfanya ni mtoto wa tumbo lake. Ugonjwa wenyewe haukupata kumuuma hivyo.

Nasriya alipokuja mchana na chupa ya uji, mama yake hakuugusa. Alimuuliza madaktari aliwaambia nini.

"Niliwaambia unataka kuishi."

"Mimi nilikwambia hivyo?"

"Hukuniambia. Mimi ndiye nnayetaka uishi. Ningewezaje kuwaambia wasikutibu, kwa mdomo wangu huu?"

"Ungeniambia huwezi, mwanangu. Ningetafuta mwingine."

Angemtafuta nani? Ndugu zake walikuwa Unguja. Shoga zake wangeanza kulia kabla daktari hajafungua mdomo. Wote walimpenda, na sasa watu wanaompenda alikuwa anawaogopa. Akabaki na mmoja tu, Bi Mahfoudha wa mtaa wa Mawaleh, mke mwenziwe, mwenye Kiarabu safi na Kiswahili pia. Hawa wawili walionana sikukuu kwa sikukuu, wakaulizana hali kwa adabu na kuagana kwa haraka. Lakini Saeed alipooa mke wa pili kwa siri, aliyekuja kubisha hodi na kumwambia ukweli alikuwa Mahfoudha mwenyewe, si mume.

Mahfoudha akaitwa, akaja Ijumaa, ananukia udi, akakaa bila ya kukaribishwa. Alimsikiliza mpaka mwisho Bi Khole akimwomba amsemee siku atakayoshindwa kusema mwenyewe, na Khalil akiwa hapo kama shahidi.

"Na huogopi kuwa ntakuharakisha?" akauliza.

"Nnaogopa. Lakini utayasema yangu."

"Ntayasema, neno kwa neno."

Khalil akasema operesheni imefutwa na kesho wataanza mipango ya kumrudisha nyumbani. Nasriya, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akaja kitandani, macho yamemvimba, akaomba apewe tena amana ile, safari hii ataweza. Bi Khole akampangusa machozi kwa ncha ya kanga. Alikuwa anampenda vilevile, na hilo ndilo lililomchoma. Akasema ana kiu.

Nasriya akamgeukia muuguzi, akasema naye kwa Kiarabu. Bi Khole akangoja amalize, kisha akamtazama mke mwenziwe.

"Kasema nini?"

"Kakuombea maji," Mahfoudha akajibu.