Moshi wa Duara

Hakuna jambo lililowahi kutoka kinywani mwa Perez Auma likiwa na ukubwa ule ule lililoingia nao masikioni. Mtume dukani, akute paka amelala juu ya gunia la mchele, wewe utaletewa habari za chui. Wanawake wa ploti yao ya vyumba vya kupanga, pale Kiganjo mjini Thika, walimwita Mama Chumvi, naye aliitika, tena kwa madaha, maana kwake chakula kisicho na chumvi ni cha mgonjwa.

Thika alikuja akiwa bibi arusi kutoka Ugenya, akimfuata Ouma aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Ouma alipofariki, watu walidhani atafunga virago arudi kwao. Wapi! Alitega sufuria kubwa juu ya mafiga nyuma ya ploti, akaanza kuwafulia watu: walimu, makarani, manesi wasio na nafasi. Nguo nyeupe alizichemsha, akazisuuza kwa maji ya buluu, akazianika zikameta hadi mtu akafumba jicho. Wateja walisifu weupe wa nguo, lakini kilichowakalisha pale wakingoja zikunjwe ni hadithi. Alisema kuna mwaka mto Chania ulimnyang'anya blanketi la mwalimu mkuu, akalifuata kwa miguu mpaka kule maji yake yanakoingia mto Tana, na alipolifikia akamkuta kiboko amejifunika nalo, anakoroma. Je, alimwamsha? Ingekuwa adabu gani hiyo. Alikaa kando akangoja, na kiboko alipoamka akamwomba kwa heshima. Mtu akiuliza mbona blanketi halikuchanika, Perez alijibu kwamba kiboko yule alikuwa mtu wa kanisa.

Sasa, upande wa chini wa Kiganjo, njia ya kuelekea Ruiru, palikuwa na mtambo wa stima. Ulichoma mafuta mazito ili viwanda vya jirani visikose umeme, na bomba lake la moshi lilikuwa fupi kama shingo ya kobe. Upepo ukielekea Kiganjo, masizi yalishuka juu ya kamba za nguo, laini kama unga na yenye mafuta. Ukiyapangusa ndiyo kwanza yanajipaka. Perez alikuwa akifua shuka, anaianua chafu, anaifua tena. Lakini kwake hiyo ilikuwa taabu ya mikono tu. Kwa Ndinda, jirani yake wa mlango wa pili, masizi yaliingia mahali pasipofulika. Mtoto wake Kaleli alikohoa tangu ajue kukaa, na akilala kifua chake kilipiga filimbi hata upande wa pili wa ukuta Perez aliisikia.

Mwaka wa tisini na saba leseni ya mtambo ilikuwa inakwisha. Mzee Karuga, mzee wa mtaa, alizunguka akitangaza kwamba watu wa Nairobi wanakuja kusikia maoni ya wananchi kabla ya kuongeza "reseni", kikao cha kwanza Thika na cha pili Ruiru, na watoto wakamfuata nyuma wakiimba reseni, reseni. Wanawake wa ploti walikaa wakashauriana. Hawakutaka mtambo ufungwe, kwani wako waliokula kwa mishahara ya pale. Walitaka jambo moja: bomba lirefushwe kwanza, ndipo leseni iongezwe. Nani atasema? Ndinda alikubali kusema machache ya mtoto, lakini sauti yake ilitetemeka mbele ya watu wenye tai. Wa kutangulia alihitajika mwenye mdomo, na macho yote yakamgeukia mwenye mdomo.

"Mama Chumvi," Ndinda akamwambia, "uende useme tu vile iko. Usiongeze."

"Nitaongeza nini mimi, na mtoto anakohoa mpaka kuku wanazimia?"

"Unaona? Ushaanza."

Wakacheka, wakakubaliana. Ndinda akatoa shuka yake nyeupe, ile aliyopewa na mama yake alipoolewa, ianikwe na isiguswe mpaka siku ya kikao, kisha Perez aibebe kama ilivyo. Masizi yenyewe yatoe ushahidi.

Lakini mwaka ule mvua haikuwa na adabu. Ni ile mvua kubwa ambayo kila mtu alijifunza kuiita elnino hata asiyejua jina la jirani yake. Ilikuja ikaosha kila kitu, na upepo ukageuka, ukaubeba moshi wote ukaupeleka Ruiru. Asubuhi ya kikao Perez alipoianua ile shuka, ilikuwa nyeupe kama maziwa ya asubuhi. Aliigeuza huku na huku. Ilikuwa kama shahidi aliyelishwa na upande wa pili.

Angeweza kuiacha. Mdomo ungetosha. Ila sufuria ya kuchemshia nguo ilikuwa pale pale, imefudikizwa ikauke, makalio juu, meusi ti. Perez akaitazama sufuria, akaitazama shuka. Akajiambia kwamba huu haukuwa uongo, ni ukweli uliochelewa kufika. Basi akaitandaza shuka juu ya jiwe la kufulia, akainyanyua sufuria, akaigonga hapa, akaigonga pale, akaigonga katikati, kama karani mwenye haraka ya kwenda chai. Alinuia kuyasugua masizi yaenee. Lakini Ndinda alikuwa anaita langoni na mtoto mgongoni, na Perez akaikunja shuka hivyo hivyo, akaisukumia ndani ya kikapu. Hakumwambia Ndinda neno.

Ukumbi ulijaa. Mbele aliketi mwenyekiti wa kikao, bwana wa miwani, mpole, aliyekuwa na desturi moja: kila mtu akimaliza kusema, alimwuliza, "Una nyongeza?" Kando yake alikuwa meneja wa mtambo. Nyuma walijipanga wafanyakazi, na kati yao Wambua, fundi wa mashine, mtu wa maneno, aliyeogopa kwamba hawa akina mama watamfungia kazi.

Perez alisimama akasema vizuri. Wanaomjua walishangaa. Alisema habari ya kufua na kurudia. Alisema habari ya Kaleli na filimbi ya kifua. Alisema hawaombi mtambo ufungwe, wanaomba bomba. Hakuna kuku aliyezimia, hakuna kiboko aliyetajwa. Meneja akaacha kuchezea saa yake, na Ndinda, aliyekaa mbele amempakata mtoto, akashusha pumzi.

"Asante sana, mama," mwenyekiti akasema. "Una nyongeza?"

Hebu fikiria. Mtu ambaye maisha yake yote ameambiwa apunguze, leo mkubwa wa serikali anamwuliza kama ana la kuongeza. Perez akainama kikapuni. Akampa Mzee Karuga pembe moja ya shuka, yeye akashika nyingine, wakaifungua mbele za watu wote.

Duara. Duara lingine. Duara katikati, jeusi, zuri, limekamilika.

Kisha Wambua akauliza kutoka nyuma, kwa upole mwingi: "Mama, huo moshi ulipikiwa ugali?"

Ukumbi ukapasuka. Mwingine akasema reseni imeshagongwa muhuri, watu waende nyumbani. Mzee Karuga mwenyewe, pembe ya shuka mkononi, alikuwa anatetemeka kwa kicheko alichokibana. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta, akamwuliza Perez bila ukali kama huko kwao moshi hushuka kwa duara. Ule ulimi uliomtoa kwa kiboko ukamgandia kinywani. Alichoweza kusema ni, "Sijui, mheshimiwa."

Ndinda hakucheka. Alikuwa anatazama ukingo wa lile duara la katikati, mahali palipobonyea kidogo. Alilijua lile bonde. Sufuria ile alikuwa akiiazima kila Kaleli alipohitaji maji ya moto ya kujifukiza. Akainuka, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka. Ndiye aliyekuwa anafuata kusema. Jina lake lilipoitwa hakuna aliyeitika, na mwenyekiti akaita la mwingine.

Kuna aibu inayomfanya mtu ajifiche, na kuna ile isiyo na mahali pa kujificha kwa sababu kazi yako ni kuanika vitu mbele za watu. Watoto wa Kiganjo walichora duara kwa makaa kwenye kila ukuta. Wateja walikuja wakakaa kungoja hadithi, na Perez akazikunja nguo bila neno, akawapa, wakaenda. Ile shuka aliifua, akaichemsha, akaisugua mpaka vidole vikachubuka. Maduara yalitoka weusi yakawa ya kijivu, yakakataa kwenda mbali zaidi. Alipoirudisha, Ndinda aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa mgeni.

"Ungewaambia tu mtoto anakohoa," akasema, akafunga mlango taratibu.

Angegombana naye, Perez angepata pa kushika. Lakini mlango uliofungwa taratibu hauna mpini.

Siku ya kikao cha Ruiru alitoka mapema, akamwambia kila aliyemwuliza kwamba sabuni ni rahisi huko. Ukweli ni kwamba alitaka kusikia kama yuko atakayemtaja mtoto. Alijibanza benchi la nyuma, leso imeshuka hadi kwenye nyusi. Pembeni yake alikaa mwanamke mmoja wa pale Ruiru, Mishi, muuza maandazi, mchangamfu, na miguuni pake kikapu. Ncha ya kitambaa ilichungulia kikapuni. Perez hakuhitaji kuishika. Aliyajua masizi yale yenye mafuta kama ajuavyo mikono yake.

Mishi alimweleza bila kuulizwa sana. Siku zote zile za mvua upepo ulikuwa upande wao, shuka na nguo za mtoto zote zimeharibika, amezibeba. Perez akamwuliza kwa nini basi haendi kuzionyesha.

"Wee! Nipeleke shuka mbele ya hawa watu?" Mishi akacheka kidogo. "Kwani hukusikia ya ule mama wa Thika, alipaka shuka na sufuria? Saa hii ukitoa shuka hapa, watacheka kabla hujafungua. Ametuharibia huyo mama. Mimi nitanyamaza nirudi nazo."

Perez alihisi uso wake unawaka kama uliomwagiwa maji ya kuchemshia. Alidhani ameyaharibu ya ploti yao tu. Kumbe uongo wake mdogo ulikuwa umepanda gari, ukafika Ruiru kabla yake, ukaketi ndani ya vikapu vya watu wasiomjua. Na hapa nyuma hakuna aliyemtambua. Ilikuwa ni kuinama, kusema sabuni, na kwenda zake.

Akainua mkono.

Hata hajanyooka vizuri, Wambua, aliyekuja na wenzake hata huku, alishamwona. "Mama Sufuria! Leo umekuja na mwiko?" Watu wakaanza kucheka. Mishi akageuka akamtazama Perez, kisha akakivuta kikapu chake karibu na miguu yake mwenyewe.

"Ile shuka niliipaka mimi," Perez akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi watu wanyamaze wamsikie. "Ilikuwa safi, kwa sababu upepo ulikuwa unakuja huku. Niliona haya kuleta shuka safi, nikaigonga na sufuria. Lakini kuna mtoto wa jirani yangu anaitwa Kaleli, anakohoa usiku na mchana. Huyo sikumpaka mimi."

Kicheko kilikatika, si chote, lakini kilikatika. Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani.

"Una nyongeza?"

Ikamjia yote. Kuku waliozimia. Kunguru aliyezaliwa mweupe akaingia kwenye ule moshi, akatoka hivi alivyo. Kiboko wa Tana aliyeuza blanketi akahama kwa ajili ya kifua. Yalimjaa kooni yakisukumana kama watu wa sokoni mvua ikianza. Akayameza, moja moja.

"Sina nyongeza," akasema, akaketi.

Hakuinua macho. Alisikia kikapu kikiburutwa, ndala za Mishi zikipita kwenda mbele, na kitambaa kikikung'utwa. Alingoja kicheko. Hakikuja. Ilisikika tu sauti ya mwenyekiti ikimwomba Mishi aisogeze karibu shuka ile, tena aishike pembe hiyo vizuri. Kisha mwanamke mwingine akainuka na kikapu chake. Hakuna aliyemgeukia Perez kumpa asante, wala yeye hakuitazamia.

Leseni iliongezwa, pamoja na sharti la bomba, na miezi ikapita kabla mafundi hawajapanda kulirefusha. Kaleli bado hukohoa upepo ukiwa mbaya. Ndinda siku hizi hurudisha salamu, na juzijuzi aliazima sufuria. Hadithi nazo zilirudi polepole. Wateja wanasema kiboko sasa ana mke. Lakini mgeni akimwuliza Perez lile bomba lilirefushwa kiasi gani, na kila mtu akainama mbele kusubiri bomba linalokwaruza mawingu, yeye husema, "Kidogo."

Kisha huichukua ile sufuria, huifudikiza, na kuanza kuisugua makalio kwa mchanga mpaka yang'ae. Majirani humwambia anapoteza nguvu, sufuria ya kuni haisuguliwi nje, kesho itakuwa nyeusi tena. Anajua. Huisugua hivyo hivyo.