Ua Uliogeuzwa Maegesho

Manispaa nzima ilimwita Mama Rula, kwa sababu rula yake ya mbao haikumtoka kwapani kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kuchora nyumba za watu wa kipato kidogo, na kila kiwanja alikipima kwa namna yake. Alipigilia vigingi viwili, akasimamisha mtu kwenye kila kimoja, akawaambia waombane chumvi. Mmoja akilazimika kupaza sauti, kigingi kilisogezwa. Hapo ndipo milango ingetazamana, na katikati ungekaa ua wenye karo la kufulia na benchi la kupumzikia.

Kwenye mradi wa nyumba thelathini alisimama mwenyewe na Bibi Mkaa, mjane muuza mkaa aliyekwisha kuandikishwa mpangaji.

"Jirani, nigawie chumvi."

"Ya juzi hujarudisha," bibi akajibu, kwa sauti ya mtu anayeongea na paka wake.

Kigingi kikabaki palepale. Hatua kumi na moja.

Ramani ilirudi kutoka kwa Mhandisi Mkuu imejaa wino mwekundu. Ua umekuwa maegesho ya magari. Milango imegeuziwa nje, kila mmoja unatazama ukuta.

"Tia sahihi, dada," Mhandisi akamwambia ofisini kwake.

"Hawa watu wana magari?"

"Watayapata. Mji unakua."

"Bibi Mkaa ana mkokoteni, bosi. Tena wa kuazima."

Mhandisi hakucheka. "Watu wa leo wanataka faragha. Huo ua wako ni wa umbea tu."

"Umbea ndio unaojua nani hajaamka."

Mama Rula akairudisha kalamu mezani bila kutia sahihi. Wapo watu waliosoma mpaka wakasahau: wanadhani maskini akipata bati juu ya kichwa ametosheka, kama kuku. Mhandisi akatia sahihi yake peke yake. Mama Rula, mdomo ukiwa umemponza, akahamishiwa kitengo cha makaburi. Huko alipima viwanja ambavyo wapangaji wake hawaombani kitu.

Mwaka wa pili tangu wapangaji wahamie, Bibi Mkaa alianguka nyuma ya mlango wake siku ya Jumatatu. Majirani walijua Alhamisi, tena kwa harufu. Nyumba ya kushoto ilikuwa hatua tatu tu, lakini ukuta hauna macho. Kwenye maegesho yale mapana hapakuwa na gari hata moja, ila mkokoteni wa watu ukingoja kurudishwa.

Mama Rula alipima kaburi lile mwenyewe, asimwachie mtu kamba ya kupimia. Mhandisi alifika mazikoni na miwani yake myeusi, akamnyoshea mkono.

"Pole, dada. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Ya Mungu haina," alisema, mkono wake ukibaki kwenye rula. "Ile ramani ina sahihi yako."

Hakupaza sauti. Hata waliosimama hatua kumi na moja walisikia.