Machozi ya Mama Kwenye Taarifa ya Habari

Siku tuliyomsafirisha mama mkubwa kutoka Makambako kwenda kumzika kwao Mdandu, tulikuta barabara ya Njombe imefungwa. Mgeni mkubwa wa serikali anapita. Anapita saa ngapi? Hata trafiki aliyetusimamisha hakujua, na alivyonitazama niliona kuuliza kwenyewe ni kosa.

Jeneza lilikuwa kwenye pikapu, sisi tukifuata kwa basi la kukodi. Manyunyu, na baridi yetu ile isiyojua koti. Mdandu kaburi limeshachimbwa, katekista anasubiri. Mama alikuwa anamzika dada yake wa pekee, na alitaka kitu kimoja tu: amlaze kabla giza halijaingia.

Mara mtendaji wa kata huyo, anakuja mbio. Nikadhani anakuja kutupa pole. Pole ya wapi. Watu wake wa kumpokea mgeni walikuwa wachache, wengi wamekimbilia mashambani kuvuna viazi, na sisi tulikuwa basi zima. Akatuteremsha, akatugawia vibendera, akawaomba kina mama wavue vitambaa vyeusi vya kichwani maana vinaharibu picha.

"Msiba ni wa familia," akatuambia, "lakini mgeni ni wa taifa."

Mzalendo kweli kweli. Nilitamani kumzaba kibao, ila nina watoto wanaonitegemea, kwa hiyo nikashika kibendera changu kama wenzangu.

Tulisimama alasiri nzima. Magari yalipokuja yalipita mbio, vioo vimepandishwa, hata mkono hatukuuona. Hapo mama akageuka, akaiona pikapu na dada yake juu, akaangua kilio, kibendera bado mkononi. Mpiga picha akamkimbilia.

Tulizika kwa taa za simu. Sijawahi kuchukia namna ile.

Kesho yake, tukiwa bado msibani, runinga ikamwonyesha mama: mwananchi akibubujikwa na machozi ya furaha kwa maendeleo aliyoletewa. Wajomba walicheka mpaka wakakohoa. Mama hakucheka.

Haukupita muda mtendaji akapiga hodi. Kuna mgeni mwingine anakuja, na wakubwa wamempenda sana mama, wanaomba asimame mstari wa mbele.

Mama akamvutia kiti, akamkaribisha chai, akamjibu kwa upole kabisa.

"Nitakuja, mwanangu. Ila safari hii maiti mlete nyinyi."